Profesa wa Mbao na Viti Arobaini

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Viti arobaini! Maktaba ya chuo ina viti arobaini vinavyolia kila mtu akikaa. Miguu imelegea, maungio yameachia. Mkutubi wao, mama mmoja wa miwani na sauti ya chini, anatafuta fundi wa kuvikaza vyote. Kanipa kimoja nikitengeneze kwa mfano. Kingine kampa Fundi Msasa, wa karakana inayotazamana na yangu. Ijumaa ya wiki ijayo atavikalia vyote viwili, kisha ataamua.

Fundi Msasa! Ni jina la utani, na limemkaa. Kila anachokigusa kinalainika, wateja wakiwa wa kwanza.

Kazi hii lazima niipate. Mke wangu amesema waziwazi, tena huku anakunja nguo, na akisema jambo huku anakunja nguo ujue limekwisha. Karakana ina miezi mitatu bila kazi ya maana. Nikikosa viti vya maktaba, Jumamosi yake naanza kazi kwa mdogo wake, shemeji yangu, kwenye mabanda ya kuku. Kuokota mayai na kukwangua vinyesi. Mimi! Miaka ishirini na miwili ya randa na patasi! Nikamwambia kazi ya maktaba nimeshaipata. Akauliza nimeipata lini. Nikasema kimsingi.

Jioni nikapita kwa kinyozi. Kwenye simu yake ana ile akili mnemba inayojibu kila swali. Yeye anaiita Mjuaji. Siku hizi watu hawaendi kwake kunyoa tu, wanakwenda kuuliza. Nikamwambia aiulize fundi bora wa viti mtaani kwetu ni nani. Shingo nimeshainyoosha, nasubiri jina langu. Ikajibu: Fundi Msasa.

Kinyozi alicheka mpaka mashine ikamponyoka. Sasa nina njia ya upara juu ya sikio la kushoto.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Nimeamka na hasira zangu zote, hakuna iliyopungua. Moja kwa moja kwa kinyozi. Nikataka kujua Mjuaji kayatoa wapi maneno yale. Kinyozi akasema kila jibu lina maandishi madogo chini yake, ukiyagusa yanakupeleka lilikotoka. Nikamuuliza huwa yanampeleka wapi. Akasema hajawahi kuyagusa. Alidhani ni mapambo.

Tukayagusa. Tukatua kwenye ukumbi wa mtandaoni wa mafundi na wateja wao. Yeyote anaandika, hakuna wa kukuuliza wewe nani. Sifa zote za Fundi Msasa zimeandikwa na mtu mmoja anayejiita Mteja Mwenye Furaha. Kila sentensi yake inaanza na kwa hakika kabisa. Sasa, ni nani mtaani hapa husema kwa hakika kabisa hata akiulizwa saa ngapi? Fundi Msasa! Kajisifu mwenyewe! Mtu mzima, hana haya!

Nilikasirika kwa dakika tano. Dakika ya sita nikaanza kumwonea wivu. Ya saba nilikuwa nimeshajifungulia akaunti tatu kwa simu yangu kuukuu, ambayo Mjuaji haingii.

Ya kwanza, Mteja Aliyeridhika Sana. Ya pili, Bibi Asiyetaka Kutajwa. Hawa wawili wananisifu mimi, na kusema kweli wananijua vizuri. Ya tatu ndiyo yenye sumu: Profesa wa Mbao.

Maana Fundi Msasa kila kitu anamuuliza Mjuaji. Juzi kamuuliza avae shati gani. Basi nikaandika, kwa jina la Profesa, kwamba gundi nyeupe ya mbao ichanganywe na asali, vijiko viwili kwa kikombe, na maungio ya kiti yatashika miaka sitini. Kwamba ndivyo walivyofanya mafundi wa viti vya wafalme. Kwamba Taasisi ya Viti na Mkao imepima na kuthibitisha. Taasisi hiyo haipo. Nimeianzisha leo saa nne asubuhi, nikiwa nimekaa juu ya ndoo.

Gundi yenye asali haikauki, hilo kila fundi atalihisi. Kwa hiyo nikaongeza: ulaini wa siku za mwanzo usimtishe fundi, ni dalili kwamba gundi inapumua. Inapumua! Nilijipigia makofi mwenyewe. Mpita njia akadhani nina kazi.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Kwa kinyozi tena. Kaniuliza kama nywele zangu zinaota kwa siku mbili. Nikamwambia aiulize simu.

Habari njema: Mjuaji sasa anasema mtaani kwetu kuna mafundi wawili mashuhuri. Habari mbaya: wa pili ndiye mimi. Sijui anapangaje.

Lakini tulipouliza habari ya gundi ya viti, loo! Asali! Vijiko viwili! Kwa mujibu wa wataalamu, anasema. Wataalamu! Mimi niliandika mmoja, hao wengine kaniongezea mwenyewe. Na taasisi yangu imo. Nilijisikia kama mzazi anayesomewa jina la mwanawe siku ya matokeo.

Niliporudi nikachungulia ng'ambo. Fundi Msasa alikuwa anasoma simu, mdomo wazi. Meza chambo, ndugu yangu, meza!

Kile kiti changu cha mfano bado sijakigusa. Kuna muda.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Jambo la ajabu limetokea na sijui nifurahi au niogope.

Mke wangu alikuwa anamenya vitunguu, redio imefunguliwa. Mtangazaji wa kipindi cha nyumba na familia akasema, kwa sauti ile yao ya kubembeleza, kwamba wataalamu wamegundua asali hukaza viti. Mke wangu akanigeukia, kisu mkononi, akauliza kama nilikuwa najua. Nikasema ndiyo. Akauliza mbona sijawahi kumwambia. Nikasema siri za kazi.

Baadaye akanionyesha ukurasa wa mapambo ya nyumba anaoufuata kila siku. Nao wameandika. Picha ya kiti, picha ya mtungi wa asali, watu mamia wamependa. Na chini yake mtu mmoja kaandika kwamba babu yake, Mungu amrehemu, alikuwa akifanya hivyohivyo.

Babu yake!

Hapo nikakaa chini nikafikiri kwa akili zangu zote. Mimi nimeandika Jumanne. Babu wa watu kafariki zamani. Kwa hiyo babu alijua kabla yangu. Ikiwa alijua kabla yangu, basi sikutunga. Na ukitazama vizuri: Mjuaji anasema, redio inasema, ukurasa unasema, marehemu naye anasema. Hao wote wakosee kwa pamoja? Kumbe nilidhani natunga, kumbe nilikuwa nakumbuka! Miaka ishirini na miwili kwenye mbao inamwachia mtu maarifa ambayo hata mwenyewe hajui kama anayo.

Nimejiheshimu upya. Hata chai nimeinywa taratibu.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Fundi Msasa kavuka barabara. Kaja mpaka mlangoni kwangu, mikono nyuma, na maamkizi mengi mno. Akauliza kama nimesikia habari ya asali. Nikajitia hamnazo, nikasema asali gani. Akasema kwa hakika kabisa kiti chake amekikaza kwa asali, na kimeshika mpaka yeye mwenyewe anashangaa. Uso mkavu, hata kope haikupepesa. Kisha akauliza kama namfahamu huyo Profesa wa Mbao. Nikasema kwa sifa tu. Akasema lazima awe mtu mwenye kichwa cha pekee. Nikasema nasikia ni mnyenyekevu pia.

Alipoondoka ndipo nikashtuka. Mungu wangu! Nimempa adui siri! Yeye ana asali kwenye kiti chake, mimi nina kiti kitupu na siku nne! Viti arobaini vinakwenda ng'ambo, na mimi nakwenda kwa kuku, kwa ujuzi wangu mwenyewe!

Nikakimbia nyumbani. Nikachukua ile asali ya mke wangu ya kikohozi. Nikavunja maungio yote ya kiti, nikakwangua gundi ya zamani, nikapaka mpya. Yeye katia vijiko viwili. Mimi nimetia vinne. Tuone!

Jumatano, tarehe 12 Machi

Haijakauka.

Siku mbili. Nimegusa kwa kidole, kidole kimeondoka na uzi mrefu. Gundi ya kawaida saa hizi ungeshaisahau. Kidole changu kinasema kuna kasoro hapa. Lakini kidole ni kimoja, na upande wa pili kuna Mjuaji, redio, ukurasa na marehemu. Na Fundi Msasa juu yao.

Nikaomba simu ya kinyozi, nikauliza mwenyewe: gundi ya asali haikauki, nifanyeje? Jibu likaja bila kusita. Ulaini wa siku za mwanzo usimtishe fundi, ni dalili kwamba gundi inapumua.

Nikashusha pumzi. Sentensi imetulia ile! Yaani unasoma unaona kabisa hapa anasema mtu aliyebobea. Nilihisi kama nimeshawahi kuisoma mahali.

Mchana mke wangu kaniletea chakula karakana. Akakuta kiti kimefungwa kamba kila upande, kimesimama ndani ya mduara wa sisimizi. Akauliza hao wanafuata nini. Nikasema hata wadudu wanatambua kazi nzuri. Akakigusa, akatazama vidole vyake, akavinusa. Akauliza kwa nini nisitumie gundi yangu ya siku zote, jiliwa la kubania na subira, kama ninavyojua. Nikamweleza kuhusu vyanzo. Vinne, nikamwambia, tena vitano. Aliuangalia mtungi wake mtupu wa asali, kisha akakohoa.

Alhamisi, tarehe 13 Machi

Nimepeleka kiti maktaba. Sikukibeba begani kama fundi. Nilikikumbatia njia nzima, maana nikilegeza mkono mguu mmoja unateremka. Watu walinipisha. Mlinzi wa getini akauliza kama kiti ni mgonjwa.

Nimekiegemeza ukutani, kwenye kona yenye jua. Kipumue.

Ijumaa, tarehe 14 Machi

Naandika haya nimesimama.

Saa tatu kamili. Mkutubi, mimi, Fundi Msasa, na wanafunzi kama thelathini waliojifanya wanasoma. Alianza na kiti cha Fundi Msasa. Akakaa, akajitingisha kushoto, akajitingisha kulia. Kimya. Hata mlio mmoja! Akaandika kitu kwenye daftari.

Akaja kwangu. Nikamwambia akae kwa imani. Akakaa.

Kiti hakikuvunjika. Kuvunjika kungekuwa na heshima yake. Kilifunguka. Miguu minne ikasogea kila mmoja upande wake, polepole, kama watu wanaoagana baada ya kikao, na Mkutubi akashuka nacho mpaka sakafuni, miwani usoni, kalamu mkononi. Aliponyanyuka, kiti nacho kikanyanyuka kidogo. Sketi yake na kiti vilikuwa vimeshikana. Kwa hiyo ilishika! Nilitaka kulisema hilo, lakini ndipo sisimizi walipoanza kutoka kwenye maungio, na wanafunzi thelathini wakaacha kujifanya wanasoma.

Nikamgeukia Fundi Msasa, nikapiga kelele maktabani, mbona chake hakikuanguka na kina asali! Akasema kwa hakika kabisa hakina hata tone. Siku ileile aliposoma alijaribu kwenye kipande cha mbao chakavu, akaona uchafu mtupu, akatupa. Alikuja kwangu kupima tu kama mtaani kuna mtu anayeamini mambo hayo. Kiti chake ni gundi, jiliwa na siku mbili. Basi.

Mkutubi hakunifokea. Alijipangusa, akaniuliza kwa sauti yake ya chini njia hii nimeitoa wapi. Nikamwambia vyanzo vinne, vitano na Fundi Msasa. Akanikalisha kwenye kompyuta ya maktaba. (Nilisita kukaa. Kilikuwa ni kimoja kati ya vile arobaini.) Akaanza na jibu la Mjuaji, akagusa yale maandishi madogo, tukafika kwenye ukurasa wa mapambo. Ukurasa unasema umesikia redioni. Kipindi cha redio kimeandika kwamba kimesoma ukumbini. Yule wa babu, ukimfuata, kila siku ana babu mpya: wiki iliyopita babu alikuwa rubani, juzi alikuwa daktari wa meno. Na ukumbini yuko mmoja tu, peke yake. Profesa wa Mbao.

Mkutubi akasema midomo mingi, ulimi mmoja. Akasema ile mashine si mwongo. Inakusanya ilichokikuta na kukipanga vizuri, na maneno yakipangwa vizuri mtu anasahau kuuliza nani kayasema. Yeye mwenyewe huitumia, lakini kwanza anatazama aliyeandika ni nani na amejuaje. Na chanzo kimoja hakimtoshi. Anatafuta angalau viwili visivyojuana. Halafu akaniuliza kama mimi namjua huyu Profesa.

Fundi Msasa akakohoa.

Nikasema nimewahi kumsikia. Nikasema nadhani ameshastaafu.

Viti vyote arobaini kapewa Fundi Msasa. Hata kile changu, akitoe sisimizi.

Nyumbani mke wangu alikuwa ameshasikia. Hakugomba. Afadhali angegomba. Alisema kile kiti nilichomtengenezea kabla hatujaoana bado anakikalia kila asubuhi, na nilipokitengeneza sikumuuliza mtu. Alisema mikono yangu ilikuwa inajua, mimi ndiye niliyekataa kuisikiliza. Kisha akaingia ndani. Iliniuma, sifichi. Nikaenda jikoni nikakitikisa kile kiti. Nikakitikisa tena kwa nguvu. Hakikutoa hata mlio. Nikakikalia pale mpaka chakula kikaiva, na hakuna aliyenisemesha.

Jumamosi, tarehe 15 Machi

Kuku mia mbili. Wote wananitazama kwa jicho la pembeni.

Shemeji kanipokea vizuri, kaniita shem, kanipa mabuti na koleo la kukwangulia. Kijana mpole, lakini mgumu. Anasema kuku wake wamepunguza kutaga mwezi huu na hajui sababu. Nikasema niachie hilo. Akasema, kwa heshima zote shem, nisiguse chochote bandani bila ushahidi wa kutosha. Habari za asali zimemfikia. Zimefika kila mahali, nadhani kwa redio.

Wakati wa kupumzika nikamuuliza Mjuaji kwa simu ya shemeji. Akasema maji safi, chakula bora, mwanga wa kutosha, na aitwe daktari wa mifugo. Majibu ya kuchosha. Na chini yake maandishi madogo kumi na moja, yote ya watu wenye majina yao kamili na kazi zao. Nimeyagusa yote. Ndiyo, nimeyagusa! Nimebadilika. Sisemi tena kitu bila kujua kimetoka wapi.

Jumapili, tarehe 16 Machi

Nimepata!

Limenijia nanawa uso. Kioo! Kuku anakaa bandani siku nzima hajui mwenzake wa banda la pili anataga mangapi. Atajitahidi kwa ajili ya nani? Mwekee kioo kikubwa mbele yake. Atamwona kuku mgeni, mnene, anamtazama. Atadhani yule kataga zaidi. Wivu! Mimi mwenyewe nisingeamka asubuhi kama karakana ya Fundi Msasa isingekuwa mbele ya macho yangu. Shemeji atanipandisha kuwa meneja, mke wangu atanisemesha, na mwezi ujao nafungua karakana yangu tena kwa kishindo.

Lakini safari hii sikurupuki. Mkutubi alisema chanzo kimoja hakitoshi, ni lazima viwe viwili visivyojuana. Nimetafuta kutwa nzima ukumbi wa wafugaji, ukurasa kwa ukurasa. Hakuna aliyeandika habari ya kioo. Hata mmoja! Wafugaji wamelala.

Basi nimeandika mimi. Kimoja kwa jina la Daktari wa Kuku Mstaafu. Cha pili kwa jina la Mama Mayai, na huyu nimemweka nchi nyingine kabisa, ili wasije wakakutana. Nimekuwa mwangalifu: Daktari anaandika kwa upole, Mama Mayai ana hasira. Hawajuani hata kidogo.

Jioni hii nimewasoma wote wawili tena, taratibu, kwa jicho la mtu anayetafuta kasoro. Sikuipata. Hasa yule Daktari. Unaona kabisa ni mtu aliyeishi na kuku.

Kioo kikubwa nyumbani hapa ni kimoja tu, cha meza ya kujipambia ya mke wangu. Kimeshikwa na skurubu nne. Kaenda kwa dada yake, hatarudi mpaka saa mbili. Bisibisi ninayo hapa.